Tulipie uchunguzi kabla giaboksi haijashushwa

Katika gereji zetu hakuna kauli inayomgharimu mwenye gari kama hii: "Klachi imekwisha, bosi. Tushushe giaboksi." Hutamkwa haraka, mara nyingi kabla fundi hajaingia ndani ya gari wala kuwasha injini, na mwenye gari huikubali kwa sababu Jumatatu anatakiwa kazini. Jioni giaboksi iko chini. Keshokutwa klachi mpya imefungwa, fedha imelipwa, na rivasi inakwaruza vilevile. Hapo ndipo inapogundulika kwamba kilichokuwa kinavuja ni silinda ndogo iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, ambayo ingebadilishwa kwa kufungua boliti chache bila kushusha kitu.

Nayazungumzia magari ambayo watu wengi wanayategemea kuishi: Corolla za miaka ya 1990 zinazofanya teksi, Hiace za abiria, Hilux zinazotoa mazao shambani, Land Cruiser za mfululizo wa 70 zinazofika vijiji ambavyo basi halifiki. Ni magari ya gia za mkono, yenye umri mkubwa, na yamepita mikononi mwa madereva wengi. Uzee wake unahimilika. Kinachowafilisi wenye magari haya ni tabia ya kufungua kwanza na kutafakari baadaye, na tabia hiyo haitakwisha mpaka tukubali kumlipa fundi kwa kichwa chake kama tunavyomlipa kwa mikono yake.

Kabla ya kumlaumu yeyote, tuangalie ugonjwa wenyewe, maana hasara huanzia kwenye kutoujua. Klachi ina kazi mbili zinazopingana. Ukiachia pedali, inatakiwa ishike: diski yake ibanwe barabara kati ya flaiwili ya injini na presha pleti, nguvu yote ya injini iende kwenye giaboksi. Ukikanyaga, inatakiwa iachie kabisa, ili shafti inayoingia kwenye giaboksi isimame na gia ziweze kubadilishwa. Kwa hiyo klachi huumwa kwa namna mbili: hushindwa kushika au hushindwa kuachia. Dalili zake hazifanani, visababishi vyake kwa kawaida havifanani, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Hata hivyo kwetu zote mbili hupewa jina moja, "klachi imekwisha", na dawa moja, seti mpya.

Klachi isiyoshika hujulikana kwenye mlima. Dereva anayepanda Kitonga akiwa na mzigo, gia ya tatu au ya nne, anakanyaga mafuta, resi inapanda, lakini mwendo hauongezeki. Harufu kali ya kitu kilichoungua inaingia ndani. Gia zenyewe zinaingia vizuri tu. Kipimo chake kinafanyika hapohapo gereji, kwenye uwanja tambarare usio na mtu mbele wala nyuma: magurudumu yamezuiwa, breki ya mkono imevutwa, injini inanguruma, unaingiza gia ya tatu au ya nne na kuachia pedali polepole. Klachi nzima itaizima injini mara moja. Ikiendelea kunguruma pedali ikiwa juu, klachi inateleza. Kipimo hiki kifanyike mara moja tu, kwani kukirudiarudia kunaiunguza hata iliyo nzima.

Klachi isiyoachia ina tabia tofauti kabisa. Mlimani haina shida, inavuta. Taabu yake iko kwenye foleni: gia ya kwanza inakataa kuingia, rivasi inakwaruza, na wakati mwingine gari linajikokota mbele ilhali umekanyaga pedali mpaka chini. Hapa kuna kipimo ambacho kila mwenye gari anaweza kukifanya mwenyewe bila spana. Zima injini, kanyaga klachi, pitisha gia zote moja baada ya nyingine. Kisha washa injini urudie. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa na kugoma ikiwa imewashwa, giaboksi yako huenda haina hatia, klachi haiachii. Zikigoma hali zote mbili, tatizo liko kwenye njia ya gia au ndani ya giaboksi, na ukinunua klachi mpya utakuwa umetupa fedha. Kipimo hiki cha dakika mbili hakiharibu kitu, na kinazigawa lawama kati ya klachi na giaboksi kabla boliti hata moja haijalegezwa.

Ikishabainika kuwa klachi haiachii, bado hujapata ruhusa ya kushusha giaboksi. Uliza kwanza kama amri ya mguu inafika. Magari mengi ya aina hii yanatumia breki fluidi kusukuma klachi: silinda moja iko juu, nyuma ya pedali, na nyingine iko chini kwenye giaboksi, zikiunganishwa na bomba na mpira. Kanyaga pedali mara kadhaa kwa haraka, kisha jaribu gia. Zikiingia vizuri baada ya kupampu, ndani kuna upepo, au raba za silinda zimechoka. Angalia kopo la fluidi: limepungua? Imekuwa nyeusi? Funua kifuniko cha mpira cha silinda ya chini: kuna unyevu? Gusa sakafu na ukuta nyuma ya pedali: pameloa? Fluidi hufyonza unyevunyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita, chuma cha silinda kikapata kutu, na kutu ikazichana raba. Ndiyo maana gari ambalo halijawahi kubadilishiwa fluidi huanza kula raba mara kwa mara, hata zikiwa mpya.

Kisha kuna kipimo ambacho ningependa kila fundi akifanye mbele ya mteja wake. Mmoja akae ndani akanyage pedali, mwingine aangalie chini fimbo ya silinda inavyousukuma uma wa klachi. Fimbo ikitembea kidogo tu, kasoro iko huku nje: kwenye silinda, kwenye mpira uliovimba, kwenye marekebisho ya pedali, au hata kwenye kapeti mbili zilizotandikwa chini ya pedali zikaizuia isifike mwisho. Fimbo ikitembea safari yake yote na klachi bado haiachii, sasa kasoro iko ndani: uma umepinda, beringi imevunjika, presha pleti imechoka au diski imenasa. Hapo, na hapo tu, ndipo kushusha kunapostahili. Baadhi ya magari, hasa ya Ulaya, yana silinda ya chini iliyofichwa ndani kabisa, na hayo hayana budi kufunguliwa. Lakini Toyota nyingi za zamani zinazotembea barabarani kwetu zimeiacha nje, mahali ambapo jicho linaifikia.

Masikio nayo ni chombo cha uchunguzi. Injini ikiwa inanguruma na gia iko frii, sikiliza. Kelele inayosikika pedali ikiwa juu na kutoweka ukikanyaga, mara nyingi ni beringi ya shafti inayoingia kwenye giaboksi. Kelele inayoanza pale unapokanyaga, aghalabu ni beringi ya klachi. Ya kwanza inadai giaboksi ifunguliwe. Ya pili inadai ishushwe tu na kubadilishiwa beringi pamoja na seti. Fundi asiyezitenganisha anaweza kufunga klachi mpya na kumrudishia mteja kelele ileile.

Na kama gia moja tu ndiyo inayokwaruza? Hapa klachi haina lawama, maana klachi mbovu haichagui gia. Ikiwa ya kwanza, ya tatu na ya nne zinaingia vizuri na ya pili peke yake inalia, ringi ya sinkro ya gia hiyo imeliwa. Sinkro, ambayo Cadillac ya Marekani iliitia kwenye magari yake mwaka 1928, kazi yake ni kuisawazisha kasi ya gia na ya shafti kabla havijakutana. Kabla ya hapo dereva alifanya kazi hiyo kwa mguu wake: anakanyaga, anatoa gia, anaachia, anakanyaga tena ndipo anaingiza. Wazee walioendesha malori ya zamani bado wanaujua mtindo huo, na ni kipimo kizuri: gia inayokwaruza ikikubali kuingia kwa klachi mara mbili, sinkro ndiyo mshukiwa wa kwanza. Rivasi ni habari nyingine. Katika giaboksi nyingi za zamani haina sinkro kabisa, hivyo huwa ya kwanza kulalamika klachi isipoachia. Kanyaga pedali, subiri sekunde chache, kisha ingiza rivasi taratibu. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, rudi kwenye klachi.

Gia zisizoonekana, yaani unatafuta ya kwanza unapata ya tatu, mara nyingi hazitokani na giaboksi wala klachi. Kwenye magari yanayovuta kwa magurudumu ya mbele, mkono wa gia huiamuru giaboksi kwa kebo zenye bushi ndogo mwishoni. Bushi zikiliwa, mkono unalegea na amri inapotea njiani. Kwenye Hilux na jamii yake, kuna kipande kidogo cha plastiki chini ya mkono wa gia kinachochakaa na kuufanya mkono uyumbe kila upande. Mauntingi za injini zilizokatika nazo huiacha injini ichezecheze, gari likatetemeka linapoondoka na gia zikachomoka njiani. Vyote hivi hubadilishwa bila kushusha giaboksi, na vyote nimeona vikizaa uamuzi wa kununua giaboksi nyingine.

Usiisahau oili. Giaboksi ina oili yake, na watu wengi wanaojali oili ya injini hawajawahi kuigusa hii. Oili nzito kuliko iliyoelekezwa hufanya gia ziwe ngumu asubuhi, hasa kwenye baridi ya Njombe au Lushoto, kisha zilainike gari likipata joto. Oili iliyotengenezwa kwa ajili ya difu, ikimiminwa kwenye giaboksi isiyoitaka, inaweza kuwa na dawa zinazoshambulia shaba ya ringi za sinkro, au ikawa na utelezi unaozuia ringi zisishike. Kitabu cha gari ndicho kinachosema ipi inafaa. Gari lililopita kwenye mafuriko ya Jangwani linaweza kuingiza maji kupitia tundu la kupumulia, na oili yake hutoka nyeupe kama maziwa. Unga laini wa chuma kwenye sumaku ya nati ya kumwagia ni wa kawaida kwa gari kuukuu. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole si vya kawaida, na chengachenga za rangi ya dhahabu ndani ya oili ni sinkro inayoisha. Kumwaga oili na kuitazama ni kazi ndogo, lakini inakupa habari za ndani ambazo hakuna anayeweza kuzikisia kwa nje.

Kwa nini basi vipimo hivi, vilivyo rahisi namna hii, havifanyiki? Jibu la haraka ni kwamba mafundi wetu hawajui. Silikubali. Gerezani na Ilala kuna mafundi wanaoweza kuzitaja kasoro tano za klachi wakiwa wamefumba macho. Jibu ninaloliamini mimi linatuhusu sisi wateja. Fundi akitumia saa nzima kusikiliza, kupima na kuangalia, kisha akasema "ni raba tu", tunamlipa bei ya raba na elfu chache za kufunga. Tena tunanung'unika: "Umeangalia tu, kwani umefanya nini?" Lakini akishusha giaboksi, akachafuka mpaka mabegani, tunaona kazi na tunalipa. Tumemfundisha kwa fedha zetu kwamba akili haina malipo na jasho lina malipo. Naye ana kodi ya nyumba na vijana wawili wanaojifunza kazi wanaosubiri chakula cha mchana. Akichagua kushusha, amefuata mshahara tuliomwekea.

Tumewahi kuwa hivi kwenye jambo kubwa zaidi, tukabadilika. Kwa miaka mingi kila homa ilitibiwa kama malaria, na mgonjwa aliondoka zahanati na dawa bila kupimwa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na vipimo vya haraka vikafika hadi zahanati za vijijini. Leo mama anayepeleka mtoto mwenye homa anauliza majibu ya kipimo kabla ya dawa, na haoni kuwa kipimo ni fedha iliyopotea. Gereji zinasubiri mageuzi ya namna hiyo, na hayahitaji mashine ya kisasa. Kompyuta ya kupimia ina machache ya kusema juu ya klachi ya Corolla ya 1995. Panahitajika mguu, jicho, sikio na mpangilio wa maswali.

Pendekezo langu ni hili. Uchunguzi uwe kazi inayojitegemea, yenye bei yake inayotajwa mwanzo na kulipwa hata kama jibu ni dogo. Usikatwe kwenye gharama ya matengenezo, kwa sababu ukikatwa, fundi ana kila sababu ya kutafuta matengenezo. Baada ya kupima, aeleze mambo mawili: kasoro iko wapi, na kipimo gani kimeonyesha hivyo. Mwenye gari akiridhika, ndipo wajadili spea na ufundi. Akitaka kwenda kwingine na jibu hilo, aende kwa amani, amekwisha kulilipia.

Najua pingamizi. Wapo watakaosema gari ni la zamani, klachi itakwisha tu, heri tubadilishe yote. Kuna ukweli kidogo ndani yake: giaboksi ikishashushwa kwa sababu ya haki, ni busara kubadilisha diski, presha pleti na beringi kwa pamoja, kwa kuwa ufundi wa kushusha ni uleule. Lakini seti mpya haizibi silinda inayovuja. Wala haizuii sili ya nyuma ya krenki isiendelee kudondosha oili ya injini juu ya diski mpya, na diski iliyolowa oili itateleza hata ikiwa bado ina harufu ya boksi lake. Anayebadilisha bila kujua chanzo anakifungia klachi nyingine chanzo kilekile.

Wengine watasema mwenye Hiace hana muda: gari likilala gereji, hesabu ya bosi haipatikani. Nalichukulia jambo hili kwa uzito, maana siku moja bila gari ni siku bila ugali kwa dereva na kondakta. Ndiyo sababu kubwa ya kupima kwanza. Uchunguzi unaomalizika kabla ya saa tatu asubuhi unaweza kulirudisha gari barabarani mchana. Kushusha kwa kubahatisha kunalilaza siku nzima, na kosa likigundulika, siku nyingine tena.

Mwenye gari naye ana wajibu wake. Mficha uchi hazai. Unapofika gereji usiseme "klachi mbovu", maana hapo umeshajitibu. Eleza ulichokiona: gia ipi, gari likiwa la baridi au la moto, mlimani au kwenye foleni, lilianza ghafla au kidogokidogo, nani aliliazima wiki iliyopita. Kiri pia kama unaendesha mguu ukiwa juu ya pedali, au kama unalishikilia gari mlimani kwa nusu klachi badala ya breki. Tabia hizo mbili zinaua klachi nyingi, na fundi akizijua atakwambia kama spea itadumu au utarudi baada ya miezi michache.

Na giaboksi ikishashushwa, uchunguzi haujaisha. Dai uone kilichotoka. Diski iliyoliwa sawasawa hadi kwenye ribiti imezeeka kihalali. Diski yenye oili inakuelekeza kwenye sili: oili nyeusi ni ya injini, oili nzito yenye harufu ya kiberiti ni ya giaboksi. Flaiwili yenye madoa ya bluu imepata moto mkali na lazima ipelekwe kwa mchonga vyuma au ibadilishwe, la sivyo gari litatetemeka kila linapoondoka. Mpe fundi diski ya zamani aende nayo dukani, alinganishe kipenyo na idadi ya meno ya katikati, kwani klachi mbili za gari la jina moja zinaweza kutofautiana kulingana na injini. Boksi lenye chapa maarufu halitoshi kuwa ushahidi wa kilichomo ndani. Rahisi ni ghali, na hapa ghali yake ni kushusha giaboksi mara ya pili.

Vyuo vyetu vya ufundi vina nafasi hapa. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, imekuwa ikitambua ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti. Ningependa vyeti hivyo vipime pia uwezo wa kufikia jibu kwa hatua: gari lenye kasoro iliyopandikizwa, fundi aeleze ameanza na kipimo gani, kwa nini, na kimeondoa mshukiwa gani. Anayeweza hivyo anastahili kulipwa zaidi ya anayejua kufungua na kufunga, na cheti kiseme hivyo ili mteja ajue.

Lakini tusisubiri chuo. Safari ijayo utakaposikia "tushushe giaboksi", muulize fundi kwa heshima: "Umejuaje, fundi?" Akishindwa kujibu, chukua ufunguo wako. Akikuonyesha fimbo isiyotembea, kopo lililopungua au gia zinazoingia laini injini ikiwa imezimwa, mlipe kwa maelezo hayo siku hiyohiyo, hata kama hajashika spana. Mafundi wa namna hiyo wapo, na wataongezeka siku tutakapoacha kuwaadhibu kwa kutuambia ukweli mdogo na wa bei nafuu.